Unataka supachaja kwenye Mark X? Anza na breki!

Wiki hii mapenzi na mavazi tunayaweka kando kidogo, maana kuna barua imenikalisha kitako.

Barua imetoka Kilosa. Kijana mwenyewe jina lake ninalo, ila silitaji, nisije nikamchongea kwa mama watoto wake. Anasema hivi:

"Shikamoo Anko. Mimi ni kijana wa miaka 27, nina duka la vifaa vya simu hapa Kilosa na jingine Mikumi. Nina ndinga yangu, Mark X ya mwaka 2006, injini ya 2.5, naipenda kama mboni ya jicho. Tatizo ni washikaji wa Dar. Wakija wikiendi na Subaru zao za tabo, tukitoka Moro kwenda Mikumi wananiacha kama nimesimama. Sasa nimepata fundi, ana supachaja iliyotoka kwenye gari jingine. Anasema ataifunga kwa siku mbili na hakuna kitu kingine kitakachoguswa. Fedha niliyokusanya inatosha kifaa na ufundi tu. Anko, nifunge au nisifunge?"

Marahaba mwanangu. Jibu fupi: usifunge. Jibu refu ndilo hili, na hata wewe wa Sinza au Kihonda ambaye huna gari usifunue ukurasa, maana ipo siku utakaa kiti cha mbele kwenye gari la mshikaji mwenye mawazo kama haya.

SUPACHAJA NI MDUDU GANI?

Injini ni kama mtu. Inavuta pumzi, inakula, inafanya kazi, halafu inatoa uchafu. Hewa inaingia, petroli inanyunyizwa, plagi inapiga cheche, mlipuko unasukuma pistoni, gari linakwenda. Ukitaka nguvu zaidi lazima uchome petroli zaidi, na petroli haiungui bila hewa. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Umeona? Petroli ni kijiko cha sukari, hewa ndiyo sufuria zima la chai.

Injini ya kawaida inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Supachaja ni pampu inayoishindilia hewa kwa nguvu. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini hiyo hiyo, kama inavyozungushwa altaneta. Ndugu yake tabo yeye anazungushwa na moshi wa eksozi. Tofauti yao unaisikia mguuni: tabo nyingi zinataka usubiri kidogo mpaka moshi uwe mwingi, lakini supachaja ukikanyaga tu, imeshaitika. Utamu wake uko hapo, na hapo ndipo vijana wanapotekwa.

Wala siyo mashine ya jana. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots wa mji wa Connersville, jimbo la Indiana, walisajili pampu yao ya hewa mwaka 1860, kabla gari la petroli halijazaliwa. Mpaka leo kuna aina ya supachaja inayoitwa kwa jina lao. Mwaka 1921 Mercedes wakaonyesha magari ya kuuza yaliyofungwa kitu hicho. Kwa hiyo anayekwambia supachaja ni uchawi wa Wajapani wa juzi, mwambie akasome.

Lakini mjini hakuna cha bure. Kwanza, pampu yenyewe inakula nguvu ya injini kabla haijakupa faida. Ile Dodge ya Marekani inayoitwa Hellcat, supachaja yake ikiwa kazini kisawasawa inakula nguvu za farasi kama 80. Farasi 80 zinaliwa na pampu peke yake! Kuna watu mjini wanaendesha gari zima lenye nguvu hizo.

Pili ni joto. Umewahi kupampu baiskeli ukashika ile pampu? Inachoma. Hewa ukiibana inapata moto. Presha ya hewa inayotuzunguka, kwa kipimo cha usawa wa bahari, ni psi 14.7. Fundi akiongeza psi 7, ameongeza karibu nusu nzima. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 30, joto la kawaida kabisa la mchana wa Kilosa, inaweza kutoka kwenye supachaja ikiwa imepita nyuzi 80. Ndiyo maana kazi ya maana inakuja na intakula, yaani rejeta ya kupoza hiyo hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Je, fundi wako ameitaja intakula? Kwenye barua yako sikuiona.

MARK X YAKO INASEMAJE?

Tuje kwenye ndinga yako sasa. Marekani wana gari zao za misuli: injini kubwa mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, sauti ya kutisha paka. Sisi huku misuli yetu ni Mark X, Crown na ukoo wao. Silinda sita, inasukuma kwa nyuma, bei ya mtumba kutoka Japani. Siyo gari la kudharau hata kidogo. Injini yako inaitwa 4GR-FSE, sisi 2,499, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na farasi 215.

Lakini kuna namba moja ambayo fundi wa siku mbili huwa haitaji: mgandamizo. Ndani ya silinda pistoni inapopanda inaubana ule mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwenye injini yako unabanwa mara 12. Toyota walifanya hivyo makusudi, ili injini isiyo na tabo wala supachaja itoe nguvu nyingi kwa mafuta kidogo. Sasa linganisha. Hellcat iliyozaliwa na supachaja inabana mara 9.5. Ile 1JZ-GTE ya zamani yenye tabo mbili, ambayo watu wanaitafuta Gerezani kama dhahabu, inabana mara 8.5. Unaona mantiki yake? Injini itakayoshindiliwa hewa na pampu inapunguziwa kubana, ili mzigo usizidi.

Yako tayari inabana mara 12, halafu unataka kuishindilia hewa ya moto juu yake. Ni kama mtu aliyekula ubwabwa mpaka shingoni ukamlazimisha na sahani ya pili. Kitakachotokea ni kwamba petroli itaripuka yenyewe kabla ya wakati wake, haisubiri mwendo wa moto wa plagi. Injini inaanza kugonga. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka au gasketi ya silinda hedi inakatika. Mtaani tunasema imenoki. Na injini ikinoki katikati ya Doma na Mikumi saa mbili usiku, washikaji wenye Subaru wameshafika wanakula nyama choma.

Kuna la petroli pia. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu na moto wake unakuwa mkali kupita kiasi. Kwa hiyo unahitaji nozeli kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, na kontrolo boksi iliyopangwa upya na mtu anayejua, akiwa na kipimo cha moshi pembeni. Na injini yako inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake na nozeli zake siyo za kubadilisha kama balbu. "Hakuna kitu kingine kitakachoguswa" ni maneno ya kumtoa mtu hela, siyo maneno ya ufundi.

Utaniuliza: "Anko, mbona nasikia Japani kuna Mark X za supachaja?" Zipo, hujadanganywa. Modellista, watu wa nyumba moja na Toyota, walitoa Mark X yenye supachaja. Lakini waliifunga kwenye injini ya 3.5, siyo 2.5. Na injini ile ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa. Ilitoka farasi 318 ikafika 360. Yaani watu waliolitengeneza gari, wenye maabara na kompyuta, waliongeza farasi 42 tu wakaishia hapo. Waliijua injini yao inavumilia kiasi gani. Sasa wewe fundi akikuahidi farasi mia kwa siku mbili chini ya mwembe, jiulize nani kati yao anaijua hiyo injini vizuri.

WENYEWE MAREKANI WANAFANYAJE?

Miaka ya 1960 Wamarekani nao walikuwa na ugonjwa wako. Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyowasha moto wa gari za misuli, ilikuwa na injini ya sisi 6,400 hivi na breki za dramu magurudumu yote manne. Injini ya simba, breki za paka. Waliumia sana ndipo wakajifunza.

Angalia walichofanya ilipokuja Dodge Challenger Hellcat, ya mwaka wa modeli 2015, yenye farasi 707. Hawakuchukua injini iliyokuwepo wakabandika pampu juu wakaenda kulala. Waliweka pistoni na kombeo la kufuliwa kwa nguvu zaidi, wakaongeza mfumo wa kupoza hewa, wakaimarisha gia boksi. Mbele wakafunga diski za breki za Brembo zenye upana wa milimita 390. Chukua rula upime, hiyo diski ni kubwa kuliko sinia la pilau.

Halafu kuna kitu kilinifurahisha. Gari lilikuja na funguo mbili. Ufunguo mwekundu unafungulia farasi zote 707. Mweusi unazifunga zisizidi 500. Yaani mtengenezaji mwenyewe alijua kuna siku na kuna mtu ambaye hafai kupewa nguvu yote. Gari hilo liliacha kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2023, lakini somo lake bado: ukiongeza nguvu, kila kilichoshikana na ile nguvu lazima nacho kiongezwe.

SASA TUINGIE BARABARANI

Tuseme injini imekubali. Umeongeza farasi zako, zinalia vizuri. Unazipeleka wapi? Unazipeleka kwenye ile lami ya kutoka Moro kwenda Mikumi. Na hiyo barabara, mwanangu, unaijua kuliko mimi.

Barabara hiyo ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964. Tembo, nyati, twiga, pundamilia, swala, nyani, wote wanavuka hapo hapo unapopita wewe, na wao hawajui kama unawahi Mikumi. Alama zinataka 70 mchana na 50 usiku, na matuta yamewekwa. Pale kuna ubao unaotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, mmoja mmoja kwa jina lake na bei yake. Na siyo habari mpya: tangu mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha utafiti wake kuhusu wanyama wanaouawa na magari kwenye kipande hicho cha barabara.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Kwa dereva aliye macho, tangu kuona hatari mpaka mguu ukanyage breki inapita kama sekunde moja na nusu. Lami kavu, matairi mazima.

Ukiwa kwenye 50, gari linasimama baada ya mita 35 hivi.

Ukiwa kwenye 70, mita kama 57.

Ukiwa kwenye 140, mita karibu 170. Ni zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira.

Angalia vizuri. Mwendo umezidi mara mbili, kutoka 70 kwenda 140, lakini umbali wa kusimama umezidi mara tatu. Breki peke yake inahitaji mara nne. Ndivyo ilivyo, mwendo ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya kuuzuia inazidi mara nne. Haijalishi una supachaja ya wapi.

Sasa weka usiku. Taa za chini za magari mengi zinakuonyesha vizuri mita 50 au 60 mbele. Kwa mwendo wa 140, ukimwona nyati, umeshamgonga. Bado hujakanyaga breki. Na ole wako awe twiga. Dume la twiga linapita kilo 1,000, miguu yake mirefu, mwili uko juu ya boneti. Unamkata miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo, na nyuma ya kioo uko wewe na huyo bibie uliyemwambia mnakwenda kula upepo.

Na nikukumbushe jambo ambalo wengi hawalitaki. Mark X yako, hivi hivi ilivyo bila supachaja, spidi mita yake inaishia 180. Tayari inaweza kwenda zaidi ya mara mbili ya mwendo unaoruhusiwa pale hifadhini mchana kweupe. Kwa hiyo kinachokufanya uachwe na washikaji siyo farasi. Ni kwamba wao wameamua kuzitumia pale pasipotakiwa, na wewe una roho. Usiione aibu hiyo roho.

Sisemi nguvu haina faida, ningekuwa mnafiki. Unapokuwa nyuma ya semi ya Zambia na nafasi ya kuovateki ni fupi, gari lenye pumzi linakutoa haraka ukarudi upande wako. Ukipanda Kitonga kwenda Iringa, ambako mji uko juu karibu mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi na injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Hapo supachaja au tabo inasaidia kweli. Lakini ukishapanda Kitonga, kuna siku utaishuka. Na kushuka hakutaki supachaja. Kunataka breki.

HELA YAKO IENDE WAPI?

Hela uliyokusanya usiitupe. Ipange hivi.

Kwanza, rudisha farasi zilizopotea. Gari la 2006 lililokuja mtumba siyo la farasi 215 tena. Injini hizi zinazonyunyiza ndani ya silinda zina tabia ya kujaza masizi kwenye vali za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti pale kuzisafisha. Tafuta fundi anayejua, azisafishe. Badilisha plagi, weka zile zinazotakiwa. Badilisha ea klina, hasa wewe unayepita njia ya Ulaya kati ya Mikumi na Kilosa, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa vumbi lake. Na usidanganywe uweke zile ea klina za wazi za kuuza sura, ambazo nyingi zinavuta hewa ya moto ya injini na vumbi juu. Mwambie fundi aipime gari kwa kompyuta uone ina makosa gani. Baada ya hapo ndinga yenyewe utaishangaa.

Pili, breki. Nunua pedi nzuri, siyo zile zinazouzwa kwa bei ya maandazi. Kama diski zimekwisha au zimepinda, badilisha. Na ile hydroliki ya breki, wengi hawaigusi mpaka gari linauzwa! Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 230. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kuanzia nyuzi 155. Ikichemka wakati unashuka Kitonga, unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini kama umekanyaga sponji. Ibadilishe kila miaka miwili. Ni kazi ya bei ndogo kuliko rimu moja ya mapambo.

Tatu, matairi. Ubavuni mwa tairi tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona zimeandikwa 1012 na muuzaji anakwambia "jipya hili, kaka", mwambie asante endelea na safari. Halafu angalia herufi ya mwendo: T inavumilia mpaka 190, H mpaka 210, V mpaka 240. Tairi la mtumba lenye kashata kubwa siyo lazima liwe zima. Mpira unazeeka kama binadamu, hata ukiwa umenona.

Nne, rejeta, mipira yake, feni na shokapu. Joto la Kilosa na Mikumi siyo la kuchezea. Shokapu zilizokufa zinalifanya tairi lirukeruke, na tairi lililo hewani halishiki breki.

Ukishafanya yote hayo, utakuwa na gari linalovuta vizuri, linalosimama vizuri na linalopinda vizuri. Washikaji wakikuacha Doma, waache. Mtakutana kwenye matuta.

UKIWA BADO UNAWASHWA?

Najua vijana. Kuna atakayesema Anko muoga. Sawa. Kama roho yako haitulii mpaka uwe na nguvu za ziada, basi fuata njia ya watu wazima. Usikae kwenye 2.5. Tafuta Mark X ya 3.5, farasi mia tatu na ushee inakuja nazo kutoka kiwandani, pamoja na breki kubwa zaidi. Au tafuta gari lililozaliwa na tabo au supachaja yake. Kiwanda kimeshafanya hesabu zote ambazo fundi wako anaziruka.

Na kama lazima ufunge supachaja, basi hesabu iwe na vyote: intakula, pampu ya mafuta, nozeli, kontrolo boksi kupangwa upya, kupoza, gia boksi kuangaliwa, breki, matairi. Ukiona orodha inakuzidi, basi supachaja yenyewe imekuzidi, maana kununua pampu peke yake ni kununua nusu ya kitu, tena nusu ile inayovunja. Mwambie na mtu wa bima. Gari ulilokata bima likiwa hivi ukaligeuza likawa vile bila kusema, siku ya ajali anaweza kukukana mchana kweupe. Halafu ukitaka kukimbia, nenda kwenye mashindano. Mbio za magari zimekuwa zikifanyika Morogoro na Iringa. Kule njia inafungwa, unavaa helmeti, gari lina vyuma ndani vya kuzuia paa lisikubonyee. Huko ukikimbia watu wanakupigia makofi. Mikumi ukikimbia wanakupigia simu nyumbani kwenu.

Na kama shida ni kupita Kilosa kwa spidi ya 160 tu, dawa ipo tena ya bei poa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inapita hapo hapo kwenu ikitoka Dar kwenda Dodoma, na mwendo wake unafika 160 kwa saa. Kata tiketi, kaa dirishani, kunywa soda yako. Huvunji sheria, huchomi petroli, hakuna twiga wa kukuingilia kiooni.

Kwa hiyo kijana wangu wa Kilosa, mwambie yule fundi asante, supachaja yake akae nayo. Kesho asubuhi anza na hydroliki ya breki, halafu uniandikie unipe habari. Nyie wengine wenye maswali ya magari, ya mapenzi, ya mavazi, leteni, ukurasa upo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukipita Mikumi, wasalimie twiga, lakini uwasalimie ukiwa kwenye 70.